Mwalimu na Mashine ya Mishangao

Mwalimu alistaafu kufundisha Kiswahili zamani, ila kalamu yake nyekundu haijapata barua ya kustaafu. Ukimpa risiti, ataisahihisha kwanza ndipo aitie mfukoni. Ukimtumia ujumbe wa simu usio na nukta hajibu, anangoja umalize sentensi. Mwenye duka la chini alipotundika kibao kilichoandikwa "MAJI BARIDI SANA!!!", Mwalimu alishuka ngazi zote, na magoti yake yale, kwenda kumwuliza: "Maji ya baridi yamemshangaza nani hapa? Na kama yameshangaza, alama moja haikutosha?"

Lishikeni hilo la alama ya mshangao, ndilo lililonikesha.

Huyu Mwalimu ni babake mwenye kampuni ya kliaringi ambayo mimi huishughulikia kompyuta zake. Ofisi iko orofa ya pili ya jengo la zamani nyuma ya Moi Avenue, si mbali na zile pembe kubwa za ndovu za Mombasa: ngazi za mbao zinazolia, madirisha marefu, na feni la darini ambalo huzunguka likitaka. Bosi ni bintiye, mwanamke wa maneno machache, na mle ofisini hata babake humwita Bosi. Mwalimu mwenyewe hana cheo. Anakuja kila siku kwa sababu nyumbani Kibokoni hakuna karatasi za kutosha za kusahihisha.

Kazi yao ni kuwatolea watu mizigo bandarini Kilindini. Wanaoijua kazi hii wanaijua na shida yake: kontena lina siku zake chache za bure pale bandarini, zikiisha gharama za kuliweka zinaanza kuhesabika, na karatasi zote siku hizi hupita mtandaoni. Ofisi ikikosa mtandao saa mbili asubuhi, kufika saa nne wenye mali wameshapiga simu zote, mpaka za watoto wa Bosi.

Na mtandao ulikuwa unakatika. Wa nje hatuna neno nao. Nyaya za chini ya bahari zinatua papa hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy ikafuata 2010, na watu wa bara wanapata intaneti iliyopita kwanza chini ya miguu yetu. Ugonjwa ulikuwa ndani, ukutani nyuma ya kiti cha Mwalimu: swichi ya matundu 24, mtumba wa Dubai, kile kisanduku ambacho nyaya za kompyuta zote za ofisi huingia ili zisemezane. Kwa sura ilikuwa nzima. Programu iliyokuwa ndani yake ndiyo ilikuwa kuukuu, na kila jua la mchana likichachamaa swichi inaganda, taa zinabaki zimekodoa bila kupepesa. Dawa ni kuitia programu mpya.

Bosi akapanga Jumamosi alasiri, ofisi ikishafungwa. Yeye alikuwa anakwenda Malindi arusini. Ufunguo akamwachia babake, pamoja na agizo ambalo nililisikia kwa masikio yangu: "Baba, kaa naye tu. Usimguseguse fundi." Nikikumbuka leo, alisema asimguse fundi. Mashine hakuitaja.

Nilipofika nilimkuta kitini, kanzu imepigwa pasi, miwani imeshuka puani, gazeti la jana magotini limejaa wino mwekundu.

"Salaam aleikum, Mwalimu."

"Wa aleikum salaam. Umechelewa."

"Feri, Mwalimu."

"Feri ni chombo. Sababu ni kitu kingine."

Ukikaa Likoni, feri ndiyo jibu la kila kitu, na mara nyingi ni kweli, ila sikubishana. Nikafungua begi.

Sasa, faili huingia kwenye swichi za aina hii kwa njia inayoitwa TFTP. Aliyeiandikia waraka wake rasmi ni mwanamama wa chuo cha MIT kule Marekani, Karen Sollins, mwaka 1981, na waraka uliosahihishwa ukatoka 1992. Tangu hapo haijatamani kujifunza mengi mapya. Haikuulizi jina. Haikuulizi nywila. Haikuonyeshi orodha ya faili zilizopo. Iliumbwa ndogo makusudi, iweze kukaa kwenye mashine isiyo na nafasi, kwa hiyo inajua mambo mawili tu: nipe faili hii, pokea faili hii. Ukikosea herufi moja ya jina, inakwambia haipo, na mazungumzo yameishia hapo. Mimi napenda vitu vya namna hii. Vina adabu.

Nikachomeka kebo bapa ya samawati, ile ya konsoli, upande mmoja kwenye swichi na upande wa pili kwenye laptopu, kupitia kiunganishi cha USB nilichokipata barazani kwa bei isiyozidi sahani mbili za viazi karai. Hiyo ni ya kuiamrisha swichi. Kebo ya pili, ya kawaida ya mtandao, ndiyo ya kupitishia faili. Laptopu nikaipa anwani, swichi nikaipa anwani, nikawasha seva ndogo ya TFTP, ile programu ya kutoa na kupokea faili, folda moja, na ndani yake faili moja.

Nikaanza na jambo dogo: kuitaka swichi itume nakala ya mipangilio yake kwangu, ikae akiba. Kwenye skrini zikatoka nukta. Moja, halafu nyingine, taratibu, na kila moja ikichukua muda wake.

Kwa swichi ile nukta maana yake ni: nimebisha, nimengoja, sijajibiwa.

Mwalimu alishasogea, kichwa kiko begani pangu. "Inakwenda vizuri," akasema.

"Haiendi, Mwalimu."

"Haiendi vipi? Nukta tano. Sentensi tano zimekamilika."

Mkosaji alikuwa faiawoli ya laptopu, ile programu inayolinda mlango wake wa mtandao. Iliona mtandao mpya usio na jina, ikauweka kwenye kundi la mitandao ya umma, ya mahotelini na viwanja vya ndege, ambako kila anayebisha hodi huhesabiwa mwizi. Na TFTP yenyewe ina tabia ya kuzidisha shaka: mwombaji anabisha mlango namba 69, lakini seva haimjibu kupitia mlango huo, inajichagulia mwingine wowote na kujibia huko. Nikairuhusu programu ipite. Nikarudia amri. Mipangilio ya swichi ni maandishi machache tu, kwa hiyo zilitoka alama mbili za mshangao, "!!", na ikawa imekwisha.

Laiti Mwalimu angeziona zile mbili. Ningemweleza palepale kwamba kwa swichi hii mshangao ni kheri, kila alama moja ni pakiti kumi, yaani vipande kumi vya faili, zilizofika salama. Lakini wakati huo alikuwa dirishani akimwita muuza kahawa.

Ikaja kazi yenyewe. Kumbukumbu ya swichi, ile inayoitwa flashi, ilikuwa na MB 16. Programu ya zamani ilikuwa imekula 9, mpya ilikuwa inataka 11. Hesabu hiyo haihitaji fundi: mbili hazikai pamoja, ya zamani sharti ifutwe kwanza. Ukiifuta swichi haifi, maana programu inayoiendesha ilishapakiwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, tangu ilipowashwa. Ila ikizimwa kabla ya mpya kuingia, ikiwashwa tena haina cha kuamkia.

Hilo nilimwambia Mwalimu waziwazi. "Kuanzia sasa, Mwalimu, umeme usikatike."

Akanyoosha kidole kwenye UPS iliyokuwa sakafuni, lile betri la kushika umeme ukikatika. "Hii imejaa chaji. Umeme wa Mombasa tunaujua."

Nikafuta. Sasa kuandika jina la faili jipya. Lilikuwa jina refu, herufi ndogo na tarakimu zimeshikana kwa vistari na nukta, na nilikuwa nimelichapisha kwenye karatasi ya maelezo. Ningeweza kulinakili na kulibandika, kazi ya sekunde mbili. Lakini Mwalimu aliiona ile karatasi, na macho yakamng'aa.

"Lete nikusomee."

Yakhe, ungemnyima wewe? Akasimama, akarekebisha miwani, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akapiga hatua ya kwanza kati ya meza na kabati. Imla ilikuwa imeanza.

"Herufi ndogo. Zote herufi ndogo. Tayari? Kistari. Si mstari, kistari. Ka. Tisa. Kistari. Em, zet. Nukta. Moja, mbili, mbili. Kistari." Anafika kabatini anageuka. "Rudia nilichosema." Narudia. "Endelea. Nukta. Be, i, ni. Nukta."

Nikabonyeza Enta. Swichi ikajibu kwamba faili hiyo haipo.

Tukaanza upya. Kabati, meza, kabati. Haipo. Nikaanza kuishuku seva, nikaikagua folda, faili imo. Ndipo nikaichukua karatasi nikalinganisha na skrini, herufi kwa herufi.

"Mwalimu, hii nukta ya mwisho haimo kwenye karatasi."

"Najua."

"Sasa?"

"Sentensi haiachwi wazi."

Nikaitoa nukta yake, na kwa uso wake ni dhahiri aliona nimeharibu. Enta. Ikatoka alama moja ya mshangao. Ikatoka ya pili. Nami kabla sijafungua kinywa kueleza, muuza kahawa akafika chini, akagonganisha vikombe vyake, na Mwalimu akaniambia: "Huyu hapandi ngazi. Shuka ukatuletee, na kashata."

Mkubwa akikutuma unakwenda. Faili ilikuwa na dakika zake kadhaa za kuingia, mimi ngazi mbili tu. Nikashuka.

Kahawa ilikuwa chungu ya kweli, ya tangawizi. Muuza kahawa ana kisa cha mpira, nikawa namsikiliza huku vikombe viwili mkononi. Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo.

"Kijana!"

Nikainua kichwa. Nusu ya Mwalimu ilikuwa nje ya dirisha.

"Kijana! Mashine inapiga mayowe!"

"Mayowe gani, Mwalimu?"

Akarudi ndani. Sikumbuki niliwaza nini. Nakumbuka tu kwamba alitokeza tena, safari hii uso umetulia, uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Usiwe na wasiwasi! Nishaizima!"

Kahawa ile yote aliinywa mchanga wa Mombasa.

Nilimkuta amesimama wima ukutani, ameshika plagi ya swichi mkono umenyooka, ameiweka mbali na kanzu yake. Taa zote 24 giza. UPS ilikuwa palepale chini, imejaa chaji, tayari kuikinga swichi na kila balaa la umeme lijulikanalo Pwani. Mwalimu hayumo kwenye maelezo yake.

"Ilianza na moja," akanieleza, kwa sauti ya shahidi mahakamani. "Nikasema sawa, imeshangaa. Zikawa kumi. Nikavumilia. Ukajaa mstari mzima. Ukaja wa pili. Hakuna neno, hakuna koma, hakuna pumzi, mishangao mitupu! Nimeihesabu." Akanionyesha ukingo wa gazeti: vijiti kumi na viwili vya wino mwekundu. "Mistari kumi na miwili. Miaka yote niliyofundisha, mtoto aliyeniandikia mitatu mfululizo nilimwita mzazi wake."

"Mwalimu, hiyo ndiyo ilikuwa habari njema."

"Habari njema?"

"Kila alama ni pakiti kumi zimefika salama."

Akanitazama kwa muda. "Basi mbona haikuandika 'salama'?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli mpaka leo sina. Mistari kumi na miwili ya alama themanini ni pakiti elfu tisa na mia sita, na pakiti moja ya TFTP hubeba baiti 512. Ukizidisha unapata karibu MB 5. Faili ilikuwa chini kidogo ya nusu. Nusu ya programu haiwashi kitu.

Nikairudisha plagi. Swichi ikahema, taa moja ikawaka rangi ya chungwa, na kwenye skrini ya konsoli likatokea neno moja dogo, likafuatiwa na alama, kisha kimya.

Mwalimu akainama. "Nuktambili," akasema. "Haijamaliza. Inataka kutaja kitu."

Na hapo, wallahi, alikuwa sahihi. Ilikuwa inataka programu.

Tatizo ni kwamba swichi ikiwa katika hali ile inaishi kwa kiprogramu kidogo cha kuamshia tu, na cha swichi hii hakijui mtandao hata kidogo. TFTP ndiyo basi tena. Njia iliyobaki ni kuipitisha faili kwenye ile kebo bapa ya samawati, kwa Xmodem, mbinu aliyoitunga Ward Christensen mwaka 1977, enzi ambazo faili kubwa ilikuwa barua ya kurasa mbili. Kasi ya kawaida ya konsoli ni biti 9600 kwa sekunde, yaani kama baiti 960. MB 11 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa tatu, pasitokee kosa lolote.

Unaweza kuiambia swichi iongeze kasi. Nikaiambia, nikapandisha hadi 115200. Kiunganishi changu cha barazani kikashindwa, skrini ikajaa vimelea: vipande vya herufi, vijisanduku, alama za fedha za nchi sizijui.

Mwalimu akageuza uso. "Hayo sasa ni matusi."

Nikairudisha 9600, nikatoa amri ya kupokea kwa Xmodem. Swichi ikaandika herufi moja, ikangoja kidogo, ikaandika tena ileile.

C. C. C.

Nyuma yangu kikapita kimya kirefu.

"Imepata C," akasema Mwalimu.

"Si alama za mtihani, Mwalimu. Inaniambia iko tayari, nianze kutuma."

"C ya namna gani? Maana chuo kikuu wanataka C yenye jumlisha. Hii naiona tupu."

"Mwalimu..."

"Simlaumu. Kwa mshtuko ule alioupata jioni, C si mbaya."

Tangu hapo swichi ikawa mtu. Akawa anaiulizia hali.

Simu ya Bosi ikaingia baada ya Isha. Mwalimu aliiweka sauti ya juu, nikasikia ngoma, vigelegele, na mtu anayelia kwa kukosa sahani ya pilau.

"Baba, vipi huko?"

"Kwema. Mashine ilipatwa na mshtuko kidogo, sasa inapata nafuu."

"Mshtuko wa nini? Baba, umegusa kitu?"

"Sikusikii vizuri mwanangu, hapa kuna ngoma."

Akakata. Chumba kilikuwa kimya tii, feni tu.

Xmodem ya kwanza ilifika mahali ikajikwaa, makosa yakazidi, ikakata tamaa, tukaanza upya kutoka sifuri. Sitaki kuieleza sehemu hiyo. Nitaeleza alivyofanya Mwalimu: aliburura kiti chake akakiweka mbele ya soketi, akakaa akiwa ameipa mgongo, miguu imepanuka, kanzu imefunika UPS nzima. Mlinzi wa jengo akapanda kuomba kuchaji simu.

"Hapa hapachomolewi kitu," Mwalimu akamwambia.

"Sichomoi, mzee wangu. Nachomeka tu."

"Kuchomeka ndio mwanzo wa kuchomoa."

Mlinzi akaniangalia mimi. Nikainua mabega. Akashuka na simu yake imekufa, na nadhani ndiye aliyelala vizuri kuliko sisi sote.

Saa zile za usiku mtu huanza kuzungumza. Mwalimu akataka kujua faili ile ya jioni ilikuwa inakwendaje, kabla ya yaliyotokea. Hivyo ndivyo anavyosema mpaka leo, "kabla ya yaliyotokea". Nikamweleza, na habari za yule mama wa MIT pia. Seva inatuma kipande kimoja cha baiti 512, inasimama. Swichi ikikipokea inajibu: nimepata cha kwanza. Ndipo kinatumwa cha pili. Jibu lisipokuja, kinarudiwa kilekile. Hakuna kuruka, hakuna kutanguliza.

"Hiyo ni imla," akasema.

"Vipi?"

"Nasoma sentensi, nanyamaza. Wakiinua vichwa nasoma inayofuata. Asiyeinua, narudia ileile. Sasa, wanajuaje kwamba imla imekwisha?"

"Kipande cha mwisho huwa kifupi. Kikija chini ya 512, swichi inajua hapo ndipo mwisho."

Akafikiri. Nilimwona kabisa anatafuta kosa, kidole kinagonga goti. "Na faili ikigawika sawasawa? Vipande vyote vimejaa, hakuna kifupi?"

Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti ukutani ambao hawajawahi kuuliza swali hilo.

"Hapo kinatumwa kimoja kitupu, Mwalimu. Hakina kitu ndani. Ndiyo alama ya mwisho."

Akaegemea kiti, ameridhika. "Yule mama ni mwalimu. Hao wa mishangao ndio sijui walisomea wapi."

Kabla ya adhana ya Alfajiri faili iliingia yote. Nikaiambia swichi iamke. Taa ya chungwa ikapepesa, ikapepesa, ikageuka kijani, kisha zile nyingine moja moja, na mstari wa mwisho kwenye skrini ukaandika jina la ofisi, maana mipangilio yake ilikuwa haijafutika. Nikaijaribu kompyuta ya mapokezi, mtandao upo. Nikaijaribu ya Bosi, upo.

Mwalimu akataka kuona kwa macho yake kwamba ile TFTP imepona. Nikaitaka swichi itume tena nakala ya mipangilio kwenye laptopu.

!!

Mkono wake ukaondoka gotini, ukaelekea nyuma, ukasimama hewani.

"Mbili tu?"

"Mbili tu, Mwalimu."

"Hizo ni za kiasi," akasema, akaurudisha mkono.

Tulipotoka msikitini alininunulia mahamri na mbaazi, akalipa yeye, jambo ambalo wanaomjua hawaliamini. Ankara yangu nilimpelekea Bosi Jumatatu. Ilinirudia kwanza ikiwa nyekundu: mahali nilipoandika "kazi ya ziada ya usiku kutokana na ajali" palipigiwa mstari, na pembeni pameandikwa "Ajali ipi? Fafanua." Sikufafanua. Bosi alilipa bila kuuliza, na akaongeza kitu juu. Kwenye baraza la Kibokoni kisa hiki kina sura yake nyingine: mashine ilikaribia kulipuka, fundi alikuwa chini anakunywa kahawa, Mwalimu akaiwahi.

Majuzi nikiwa kwenye feri simu ikalia. Mwalimu.

"Kijana, uko wapi?"

"Naja upande huo, Mwalimu. Kuna nini?"

"Kwetu kwema. Ni hawa jirani zetu wa tikiti za Umra. Printa yao imetoa orodha ya mahujaji, kila palipokuwa na jina la Kiarabu pametoka alama za kuuliza. Ukurasa mzima, mashine inauliza hawa watu ni akina nani."

"Hiyo ni herufi tu hazikutambulika, Mwalimu, ni jambo dogo. Waambie wasiizime, nafika sasa hivi."

"Wao hawajaizima," akasema. "Nimeichomoa mimi."